Kifuniko cha Lenzi Kilikuwa Mfukoni Mwangu

Mpendwa Mama Mshauri, nisaidie, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, na leo naiandika nikiwa nimejifungia studio na kibao cha "Tumefunga" mlangoni ingawa ni siku ya soko.

Mimi ni mpiga picha hapa Bungoma mjini, nina mke anayeitwa Wilkista na watoto wawili, na kwa miaka kumi na mmoja nimelisha nyumba yangu kwa picha za pasipoti, za ubatizo na za harusi, mpaka mwaka juzi hizi kamera za dijitali zilipoingia na kila mwenye binamu Nairobi akawa mpiga picha, ndipo nikasema nitafute kitu ambacho wao hawakiwezi, nikasikia habari za mzee Gachanja wa Kitale. Mzee huyu ni seremala, lakini si wa vitanda na meza, yeye hutengeneza kwa mkono zile kamera kubwa za mbao za zamani, zinazokunjwa kama sanduku, zenye mkunjo wa ngozi mbele na kioo nyuma, unasimamisha juu ya miguu mitatu na kujifunika kitambaa cheusi, na picha yake moja ukiitazama unahesabu hata vifungo vya shati la mtu aliyesimama mstari wa nyuma.

Nikaenda Kitale kuagiza. Mzee ana saizi mbili tu, ndogo ambayo picha yake hutoka kama postikadi, na kubwa ambayo hutoka kama karatasi ya fulskepu, na kabla hajamaliza kueleza mimi nikasema kubwa. Akaniuliza, "Wewe unapigia watu picha wapi?" Nikamwambia popote, Kabuchai, Matulo, hata huko juu Cheptais. Akasema, "Basi ndogo itakutosha. Kubwa ni ya mtu ako na gari." Nikashikilia kubwa, kwa sababu nilishaona jinsi watu watakavyonitazama nikiisimamisha.

Sasa huyo mzee ana desturi yake, hakati mbao ya mtu kabla hajambebesha, akatoa sanduku lililojaa mchanga, uzito sawasawa na kamera niliyotaka pamoja na miguu yake, akasema, "Zunguka na hii soko yote, rudi saa kumi, uniambie bega inasema nini." Mama, sikuzunguka. Nilifika nalo hoteli ya kwanza, nikaliweka chini ya meza, nikanywa chai na mandazi mpaka saa kumi kasorobo, nikajinyunyizia maji usoni yaonekane kama jasho, nikarudi kumwambia bega halisemi kitu. Akanitengenezea kubwa, ya mvule, na pembe za shaba, miezi minne, na siku ya kunikabidhi alinionyesha mara tano kazi ya kifuniko cha lenzi, kwamba ukishamaliza kutazama kwenye kioo unafunika lenzi kwanza, ndipo unatia karatasi ya picha nyuma na kuvuta kibao kinachoikinga, ndipo unafunua lenzi, unahesabu, unafunika tena. "Ukisahau kufunika," alisema, "umechoma karatasi. Utapata nyeusi tupu."

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa Matulo, mwezi wa Agosti, kwa mwalimu mstaafu Mukhwana, ambaye mama yake, kukhu Nangila, kama tunavyowaita bibi zetu huku, alikuwa amepita miaka tisini na hajawahi kupigwa picha yoyote ila ya kitambulisho. Wajukuu na vitukuu walikuja wote, watu sitini na zaidi, kukhu akaketishwa katikati na kitambaa kipya cha kichwa. Mimi nilifika nimechelewa, nimelowa jasho, bega linawaka moto kwa kubeba ule mzigo kutoka barabarani, na badala ya kutulia nikaanza kujionyesha. Kwenye kioo cha kamera ile watu huonekana miguu juu kichwa chini, basi nikawaita mmoja mmoja waingie chini ya kitambaa watazame, wakacheka mpaka machozi, "Ati kukhu amepinduka! Si uangarie mwenyewe!", foleni ikawa ndefu, nami nikajiona daktari bingwa. Mukhwana akaninong'oneza kwamba mama amechoka. Nikaharakisha, nikatia karatasi, nikavuta kibao, nikahesabu, nikarudisha, nikageuza upande wa pili wenye karatasi nyingine, nikafanya vivyo hivyo, nikasema tayari, watu wakapiga makofi.

Nilipozisafisha zile karatasi studio, zote mbili zilikuwa nyeusi tii. Nikatia mkono mfuko wa koti kutafuta leso nijifute, nikakuta kifuniko cha lenzi. Kilikuwa humo tangu nilipofungua kamera, yaani lenzi ilikuwa wazi muda wote.

Mukhwana aliponipigia simu kuuliza picha, mdomo ulijibu kabla ya akili. Nilisema, "Mwalimu, kamera ya yule mzee inavuja. Mwanga unapenya kwa ngozi." Akasikitika pamoja nami, akaniambia nirudi nikiwa tayari. Sikurudi wiki ya kwanza wala ya pili, na wiki ya tatu kukhu Nangila akafariki.

Picha iliyotangulia jeneza ni ile ya kitambulisho, na ni mimi niliyeikuza, uso umekuwa ukungu na mstari wa muhuri umepita kidevuni. Mwongozaji wa ratiba akawaeleza waombolezaji kwamba picha ya familia ilikuwepo ila iliharibiwa na kamera mbovu kutoka Kitale. Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, "Si hao watu wa kuja, bana, kazi yao ni kuuza tu." Wengine wakaitikia. Kipaza sauti kilikuwa hatua mbili kutoka mkono wangu, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Maneno yakasafiri. Mwalimu mmoja wa Cheptais, Kemboi, aliyekuwa ameagiza kamera kwa mzee, ameivunja oda. Na juma lililopita mzee mwenyewe ameniletea barua kwa mkono wa binti yake Wahu, naiandika hapa kama ilivyo: "Kijana, nimesikia ile kamera inavuja. Macho yangu siku hizi si mazuri, nafikiri nilikosea gundi na sikuona. Usinichukie. Ilete, nitakutengenezea ingine, chagua saizi. Hiyo ndio itakuwa ya mwisho, halafu nimpatie Wahu ufunguo wa karakana, kwa sababu fundi hajui kazi yake imeharibika ni hatari kwa watu."

Mama, nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Aibu imenishika hata chakula hakipiti, nikisikia mtu akicheka barabarani nadhani anajua. Wilkista, ambaye naye anaamini inavuja, anasema nichague ndogo safari hii nipumzishe bega. Moyo mmoja unasema nichague kubwa ileile ili watu wasishangae, moyo mwingine unasema nimwambie mzee asijisumbue. Nichague ipi? Jina langu tafadhali lifiche.

Mpiga picha, Bungoma.

*

Wewe mpiga picha,

Pole, na pole hiyo uishike vizuri maana ni hiyo moja tu.

Kusahau kifuniko ni kosa la kazi. Mimi nimewahi kuwapakulia wakwe zangu chai niliyotia chumvi badala ya sukari, tukacheka, nikabandika nyingine. Ungempigia Mukhwana siku ileile ukasema, "Mwalimu, nimefanya ujinga, nimesahau kufunika lenzi," ungechekwa kidogo, ungerudi Matulo kesho yake, na kukhu Nangila angekuwa na picha yake. Ulikuwa na wiki tatu nzima. Unajua kwa nini hukurudi? Mimi nitakuambia kwa sababu wewe umeruka hapo kwenye barua yako kama mtu anayeruka mtaro. Hukurudi kwa sababu kamera ni nzima. Ungerudi nayo, ingepiga vizuri, na watu wangeuliza lile tundu limezibwa lini. Ulichagua yule mama akae bila picha ili wewe ukae bila aibu, na sasa picha hakuna na aibu ndiyo hiyo inakunyima chakula.

Na lile la "watu wa kuja" usidhani nimelipita. Uliona jinsi walivyokuamini haraka, na ulijua ni kwa nini. Hukuhitaji ushahidi, jina la Gachanja, lisilo la huku kwenu, lilitosha. Mzee anatengeneza vitu Kitale tangu kabla wewe hujaota meno, na ukawaacha watu wamtukane yeye na kwao, kipaza sauti kikiwa hatua mbili. Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli.

Halafu umeniomba nifiche jina lako. Tazama barua yako uone: la kwako umelifunika, la mzee umeliandika wazi kuanzia juu hadi chini. Hata kwenye kutubu bado unamtanguliza mwenzako kwenye aibu. Lako nimelificha kama ulivyotaka. Lake nimeliacha makusudi, ili waliosikia kwamba kamera ya Gachanja inavuja wasome hapa kwamba haivuji.

Lakini gazeti halitakufanyia kazi yako. Leo, kabla hujafungua huo mlango wa studio, mwambie Wilkista. Asije akayasoma hapa kabla hujamwambia, maana hapo utakuwa na kesi mbili. Kesho nenda Matulo. Mukhwana alidanganywa kwa simu, wewe utamwambia uso kwa uso, na utamwomba siku ya kumkumbuka mama yake akupe dakika mbili mbele ya watu walewale. Ulisema kamera inavuja na watu wakasikia, sema na hili wasikie. Watakaokuzomea waache wakuzomee, wana haki yao. Kemboi wa Cheptais mfuate huko huko kwake, umwambie oda airudishe.

Kisha Kitale. Usiandike barua, usimtume mtu, na usimwachie Wahu akufikishie ujumbe. Beba kamera yako kubwa mwenyewe, na kile kifuniko ukishike mkononi, si mfukoni. Mwekee mzee mkononi mwake kabla hujakaa. Mwambie macho yake hayana kosa. Huyo mtu yuko tayari kuacha kazi ya maisha yake kwa sababu anadhani mikono yake imeanza kudanganya watu, na ni wewe peke yako duniani unayejua kwamba si kweli. Kila siku unayokaa na barua yake mfukoni, anakaribia kumpa binti yake ufunguo. Akikufukuza, ondoka kwa heshima, urudi wiki inayofuata. Mbele ya Wahu pia useme, asije akabaki anadhani baba yake amezeeka vibaya.

Kamera ya bure usichukue, hata akikubembeleza. Uliyo nayo ni nzima.

Umeniuliza kubwa au ndogo, nami sijui, sijawahi kuingia chini ya hicho kitambaa. Lakini mzee alishakupa njia ya kujua, wewe ukaenda kunywa chai. Basi ukimaliza kusema yote, mwombe lile sanduku la mchanga. Lizungushe soko lote la Kitale, pita mbele ya ile hoteli usiingie, na saa kumi urudi umwambie bega linasema nini.