Vena Iliyoonekana Uzi

Mpendwa Bi Hanifa, naomba unisaidie kabla ya Jumanne, mimi ni daktari mpasuaji kutoka bara, nina mwaka mmoja katika hospitali moja huku Diani, na mwezi jana nilimpasua Mbeyu wa Jego kumtoa rovu shingoni, nikaivuta ile tezi kwa nguvu nipate nafasi, Sista Twaiba anayenipa vifaa akaniambia, "Daktari, legeza kidogo, hapo ubavuni hupita vena," nikamjibu sioni vena yoyote, ashughulike na vifaa vyake, nikakata kilichoonekana uzi mweupe tu, na nilipolegeza mkono damu ikajaa, ni yeye aliyekandamiza kwa shashi mpaka nikaifunga, Mbeyu akapona, lakini kwenye ripoti nikaandika kwamba vena yake ilipita pasipo kawaida, na sasa mdogo wake, Ummi, ana rovu pia, familia inanitaka mimi nimpasue Jumanne hiyo, na Sista amekataa kusimama nami mpaka niisahihishe ripoti, je, nitampataje muuguzi mwingine bila watu kusema?

Daktari S., Ukunda

Daktari, ulisoma miaka yote hiyo ili uje uisingizie shingo ya mtu? Nimemsomea barua yako mpasuaji mstaafu ninayemwamini. Anasema vena hiyo, iitwayo vena ya katikati ya tezi, ni fupi, haina ateri ya kuandamana nayo, inatoka kwenye tezi na kuingia moja kwa moja katika vena kubwa ya shingo. Ukiivuta tezi, vena inabanwa, damu inaisha ndani yake, inabaki kama uzi. Mwenye kujua hulegeza, akaiona inajaa, akaifunga kwanza ndipo akakata. Ya Mbeyu ilikuwa pale pale zilipo za watu wengi, na uliambiwa.

Najua uliingiwa na hofu, na kwa hofu hiyo nakupa pole. Pole yangu inaishia hapo. Huyo muuguzi mwingine unamtakia nini, awe hajui kitu ili mlingane? Atakayeisoma ripoti yako kabla ya kumpasua Ummi ataamini ukoo wao una vena za ajabu, na ataitafuta kusikokuwa.

Isahihishe leo, umpelekee mkuu wako, na Mbeyu mwenyewe umweleze kilichotokea. Kisha mwendee Sista Twaiba, umpe shikamoo ambayo nadhani hujawahi kumpa, umtake radhi, umuulize kama Jumanne atasimama nawe. Akikataa, mwambie Ummi atafute mpasuaji mwingine. Bila mkono wa mama yule, dada yake Ummi mngekuwa mmeshamzika.