Nyumba ya Tano

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wale pacha wenu. Mgongo vipi? Au bado unabeba mabomba peke yako, kana kwamba mafundi wenzako hawana mikono? Sisi huku tunapumua tu. Mama anakula kidogo na kuongea kwa nadra, na kiti cha Bibi hakuna aliyethubutu kukikalia.

Kwenye simu uliambiwa Bibi ameondoka kwa uzee. Mama alisema hivyo kukupunguzia uchungu. Ni tumbo, Kaka. Aliharisha siku tatu, na hospitali tulimfikisha tumeshachelewa. Yaliyobaki hata Mama hayajui, na nimeona uyasikie kutoka kwangu.

Unakumbuka ulitutumia ujumbe tusinywe maji ya kisima cha mtaa bila kuchemsha, kwa sababu wachimba mtaro wa maji taka walipita karibu nacho. Bibi alitii. Kila asubuhi ile sufuria kubwa ilikuwa motoni. Mimi, Profesa wako kama unavyonitania, nikaona maneno yako niyapime kwa hesabu.

Mwalimu wa takwimu alikuwa ametupa kazi ya kupima nadharia tete, kila mtu na yake. Muuguzi wa zahanati aliniambia kwamba kwa kawaida nyumba moja kati ya kumi huwa na mgonjwa wa tumbo kwa wiki. Nadharia tete yangu ikawa hii: kisima hakijabadilisha kitu, bado ni moja kati ya kumi. Nikabeba daftari, nikabisha hodi nyumba zote ishirini za mtaa wetu, yetu ikiwemo. Nne zilikuwa na mgonjwa. Bibi nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine, akacheka. "Mimi tumbo langu la chuma, andika hapana." Nikaandika.

Nikafungua jedwali. Uwezekano wa kupata nyumba nne au zaidi kwa bahati tu ulikuwa asilimia kumi na tatu, na ili kuikataa nadharia tete ilitakiwa ishuke chini ya tano. Basi sikuikataa, na mwisho wa ukurasa nikaandika kwa madaha kwamba maji ni salama. Mwalimu alinipa kumi na sita kwa ishirini, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Kutokukataa si kuthibitisha. Mshtakiwa aliyeachiwa kwa kukosekana ushahidi si lazima awe malaika." Nilitazama ile kumi na sita, wino wenyewe sikuujali.

Nilimsomea Bibi ukurasa wote. Alifurahi kunishinda. Akaisugua sufuria, akaipachika ukutani, akasema kama kitabu kimepima, yeye ni nani wa kubisha. Baada ya wiki mbili tumbo lilitushika sote watatu. Mimi na Mama tulipona.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mshona nguo wa mlango wa pili aliniita kando.

"Mwanangu, hili linanikaba. Bibi yako alikuja kwangu kuomba chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Alikuwa anahara tangu jana yake, na juzi yake alikunywa hapa kwangu maji ya kisima yasiyochemshwa. Akaniapisha nisikwambie, eti una mtihani."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Ilikuwa siku moja kabla sijapita na daftari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Bibi hakuficha kwa aibu, alificha kwa ajili yangu. Kisha akaliamini daftari langu kuliko tumbo lake mwenyewe.

Nimerudia hesabu mara tatu. Nyumba tano kati ya ishirini zinatoa asilimia nne na kidogo. Ningeikataa ile nadharia tete, na sufuria ingebaki motoni. Nyumba ya tano ilikuwa yetu.

Jana nilipita tena mlango kwa mlango kuwaambia wachemshe. Muuza mkaa akauliza safari hii hesabu imesemaje. Nikamwambia aachane na hesabu, achemshe tu. Mtihani wa takwimu ni Alhamisi, na sijui kama mkono utakubali kushika kalamu.

Nisalimie shemeji, na pacha uwabusu vichwani. Mama anakusalimu, na mshona nguo pia. Mungu akutunzie mgongo na awaepushe na kila baya. Maji yenu nanyi myachemshe.

Kama umenikasirikia, Kaka, niandikie hivyo hivyo ulivyokasirika. Usinifiche kwa sababu nina mtihani.

Mdogo wako akupendaye daima,
ambaye usimwite tena Profesa.