Usiache Kazi kwa Ajili Yangu

Nyumba ya Kona, Mlango wa Nyuma
Jumapili alasiri, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Mgongo umepona, au bado unainuka kitini kwa awamu? Sisi huku tu wazima, ila Shangazi ana mafua na anatulaumu wote.

Barua yako niliipata. Eti unataka kuacha kazi urudi unisimamie, kwa kuwa Mama hayupo tena na mimi ni yule yule. Kaka, ngoja kwanza. Hebu nikueleze mambo yalivyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishona kwenye kile chumba chenye dirisha lisilofunga? Nikiona vipande vyote vya shati mezani, akili inatawanyika. Nashika kola, naacha, nashika mfuko, naishia kupanga vifungo kwa rangi. Wengine waliniita mvivu. Wewe ulivikalia vile vipande, ukanitolea kimoja kimoja: "Kola kwanza. Hayo mengine hayakuhusu." Mashati ya watu yalitoka na mikunjo ya makalio yako! Nazikumbuka sana siku zile.

Daktari amenieleza kuwa si uvivu. Ubongo wangu ndivyo ulivyoumbwa, na wa namna yangu tuko wengi. Ndiye aliyenionyesha kutumia akili bandia kwenye simu. Naitajia kazi niliyonayo, inaigawa vipande vidogo, inanipa kimoja, inasubiri. Siku ya kwanza ilinimwagia hatua zote kwa mpigo, nikaizima nikaenda kufua. Kesho yake nikaielekeza kama ulivyokuwa ukifanya wewe, ikashika.

Basi juzijuzi nikapewa majoho ya kwaya nzima. Bosi alikwisha kunionya: nikichelewesha tena, nirudishe cherehani. Joho moja nililitia mikono miwili ya kushoto. Simu haikujua, itajuaje? Nikafumua mwenyewe huku najisonya. Jana wanakwaya walipofika, yote yalikuwa yamening'inia, yamepigwa pasi. Bosi akayapitia akivuta mishono, halafu akasema, "Haya, na ya watoto utashona wewe." Niligeuka nikuone, kama zamani. Nikaona ukuta.

Kwa hiyo usiache kazi, tafadhali. Umeihangaikia mno. Simu hainitanii, wala haijui jinsi Mama alivyokuwa akiimba akitunga uzi kwenye sindano. Hayo nimekosa wa kuyakumbuka naye.

Msalimie shemeji, na Kibonge wenu mwambie gauni lake nalipima kwa kukisia, asiendelee kukua. Shangazi anakusalimu kwa chafya. Mjomba Redio naye anakusalimu, bado hajanyamaza. Mungu akutangulie kila utokapo na akurudishe salama.

Omba likizo, Kaka. Msimamizi simhitaji tena. Wewe nakuhitaji.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fundi