Mzee Parsaloi Alijua

Jumatano, Kitengela

Bado nasikia sauti ya Mzee Parsaloi. Aliongea kwa nguvu vile watu wasiosikia huongea, na wanajeshi wote wastaafu waliokuwa wakingoja nje ya kliniki yetu ya masikio wakageuka kutazama mlango.

Mizinga ilimharibia masikio akiwa jeshini. Leo yeye na mkewe, Mama Naserian, walitoka Kimana alfajiri kwa sababu tumepata kifaa cha kusikia chenye nguvu zaidi kuliko vile alivyojaribu awali. Nilimvalisha mwenyewe, nikaongeza sauti hadi mwisho. Hakusikia kitu.

Nikamwambia Mama hakuna kingine tunaweza kufanya. Akanishika mkono. "Daktari, usimwambie. Sema tu kifaa kimeharibika, turudi mwezi ujao."

Mimi ndiye nasimamia idara nzima, lakini nikabaki nikipekua faili lake. Mzee aliketi katikati yetu akitazama midomo yetu.

"Mnaongea juu yangu," akasema. "Hii kitu haitafanya kazi. Nilijua kitambo."

Nikamwandikia kwa karatasi: mbona basi umekuwa ukirudi?

Akasoma, akamwangalia mkewe. "Huyu ndiye alikuwa na matumaini. Ningemwambiaje?"

Mama akalia. Mzee akamrekebishia shuka alilojitanda begani, akanishukuru, wakatoka.

Kesho wengine watakuja na matumaini kama hayo, na sina uhakika kama nitaweza kuwaambia ukweli.

Niliwatazama kwa dirisha wakielekea geti. Mama alikuwa bado anamwongelesha, naye anaitikia kwa kichwa.