Mbegu ya Felista

Mama Martha,

Uji uko jikoni, ufunike. Mbuzi hawajafunguliwa.

Ulipokuwa kisimani, jirani yetu Felista alikuja na kibuyu kuomba mbegu ya uwele. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amekaa hapa, nami nikataka anione msomi. Nikamjibu Felista kwamba tuna "modicum" tu, neno la darasa la jioni, maana yake kidogo sana. Na kihenge kimejaa, unajua. Akasema, "Haya, baba, mwaka huu tutapanda Kiingereza." Balozi alicheka. Mimi nilitazama chini.

~~Mpelekee vibaba viwili.~~

Usipeleke. Nimebeba debe zima mwenyewe. Nitapita kwanza kwa balozi, twende wote, anisikie nikimwomba Felista radhi kwa Kinyaturu chetu.

Baba Martha