Betri ya Kumsemea Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika saa nne asubuhi, Mwalimu akiwa katikati ya neno. Mwalimu ni mke wangu — bado namwita hivyo, ingawa huu mwaka wa pili hajashika chaki. Ugonjwa ulianza na miguu, ukaja mikono, ukamaliza na ulimi. Sasa kompyuta ndiyo inayomsemea. Herufi zinapita kwenye skrini moja moja. Akiiona yake anabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada, na spika inatamka.

Skrini ikazimika. Kilichobaki ni kutazamana. Nikamuuliza: kiu? Joto? Nikupeleke msalani? Nikajiona kama mtu anayebahatisha majibu ya mtihani. Umeme umerudi saa saba. Akaandika: SHUKA LIMEJIKUNJA MGONGONI.

Muda wote huo! Na mimi nimekaa hapo namnywesha maji.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaja, mdogo wake Mwalimu, fundi umeme. Kaleta UPS — sanduku la betri, dogo lakini zito kama kinu. Umeme ukikatika, betri inashika palepale. "Iache ichaji mpaka kesho," kasema. "Itawapa dakika arobaini. Ila usije ukachomeka feni humo, shem, utaiua. Kompyuta na skrini, basi."

Mwalimu akaandika: NA SPIKA?

Hakuna aliyeikumbuka spika! Shemeji kacheka, eti dada bado anasahihisha madaftari. Kisha akaenda kunawa mikono. Akakawia huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, nami nikajifanya nahangaika na waya.

Ijumaa, 7 Machi
Jaribio. Nimechomoa plagi ukutani. Sanduku likaanza kulia, pii, pii — na kompyuta iko hai! Mwalimu: LINA KELELE KAMA MAMA YAKO.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumanne, 11 Machi
Muuguzi kaja. Kaushika mkono wa Mwalimu, kamwambia abonyeze, abonyeze tena. Nje mlangoni kaniambia kidole nacho kinaondoka. Nikamuuliza, miezi? Akatikisa kichwa. Kama kuna jambo kubwa la kusema, aliseme sasa.

Nimerudi ndani. KASEMAJE? Nikajibu kasifu betri yetu.

MUONGO. Imemchukua robo saa kuiandika.

Jumatano, 12 Machi
Nimefungua kitufe, nimelegeza springi. Sasa hata karatasi ikidondoka juu yake kinabonyea. Kwake bado kigumu.

Maneno mawili kutwa nzima. Yote mawili: MAJI.

Ijumaa, 14 Machi
Hakuandika kitu. Umeme ulikuwepo siku nzima.

Jumamosi, 15 Machi
Saa tano asubuhi. Umeme hakuna, tuko kwenye betri. Binti yetu kapiga simu toka kwake, safari ya siku mbili. Nimeiweka simu kwenye mto wa mama yake. "Mama, nije sasa hivi, au nisubiri watoto wafunge shule?"

Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani, hapo hapo kando. Dakika ishirini na tano zimepita. Amepata herufi tatu. U. S. I.

Binti kaanza kulia. "Usi nini, mama? Nisije? Nisisubiri?" Nimemwambia anyamaze, mama yake anafanya kazi.

Herufi zinapita. Kidole kimelala juu ya kitufe, hakishuki. Zimefika mwisho, zimeanza upya. Mara ya nne hii. Pii, pii za sanduku zimekuwa za haraka — shemeji alisema zikiwa hivyo zimebaki dakika chache.

Zimepita A, B, CH. Zikafika J, nikamtazama. Hakuna kitu. K. L. M. N. Zikafika S — kope zikacheza. Au nimeona mimi? Nikaweka kidole changu juu ya chake, nikabonyeza.

"S," ikatamka spika.

Binti kauliza polepole: "Baba, hiyo S ni yake au ni yako?"

Mwalimu ananitazama. Herufi zimeanza tena kupita —