Kuku Wapendwa

Kitale, 6 Machi 1999

Mpendwa Jentrix,

Mmeamkaje huko Bungoma? Mama yako anaendeleaje na kichwa? Sisi tuko wazima.

Kuna jambo sijawahi kuambia mtu. Kila jioni najifungia ndani ya banda, napigia kuku hotuba. Usicheke! Nimejiandikisha dibeti ya shule, mimi ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitika kwa kunong'ona.

Ni kwa ajili ya dawa ya Mama yako. Hapa kwenye duka lake la dawa Baba anaiuza bei ya mbuzi, na si kupenda kwake. Kampuni moja tu ndiyo ina hataza. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza wala kuileta. Nyanya Savitri anaandika kutoka Ludhiana, India, ati kule viwanda vingi vinaitengeneza, bei ni kama ya majani chai. Na sheria yetu inasema serikali inaweza kuruhusu wengine, hata mwenye hataza akikataa! Hiyo ndiyo hoja yangu.

Dada yako,
Manjit

Bungoma, 14 Machi

Dada Manjit,

Salamu zimefika, asante. Mama bado hatembei mpaka nimshike. Dawa imebaki kidogo, kwa hivyo anameza leo, kesho anaruka, ati ikae. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akashika kichwa. "Huyo mtoto wa Avtar mwenye duka ataongea? Si hata chai huwa anaomba kwa macho!"

Ongea bana. Mimi naogopa.

Dada yako,
Jentrix

Kitale, 27 Machi

Jentrix wangu,

Mama aliamkaje leo? Wewe, keti kwanza.

Nilisimama, nikasema: "Mheshimiwa mwenyekiti, kuku wapendwa..." Ukumbi ulilipuka! Nikacheka pia, na woga ukaisha hapo hapo. Nikawaambia, Jumapili kule gurudwara, hekalu letu, kila anayeingia analishwa, na kila mwenye mikono anasukuma chapati. Je, angeruhusiwa mmoja tu kusukuma, wangapi wangerudi nyumbani na njaa?

Tulishinda! Halafu mwamuzi mmoja, Daktari Wanjala wa hospitali ya misheni, akaniita: "Wewe wa kuku, mgonjwa wako ni nani?" Kumbe hospitali yao imeomba serikali kibali cha kuleta dawa ya India. Nimempa jina la Mama yako.

Dada yako,
Manjit

Bungoma, 15 Juni

Dada yangu,

Unisamehe kwa kimya. Huku hatujambo, na leo naandika hivyo bila kudanganya.

Kibali kilitoka. Dawa ilipofika Mama akaikataa: "Rahisi hivi itaponya nani?" Daktari Wanjala akamwambia, "Mama Jentrix, ni dawa ile ile, pakiti tu ndiyo tofauti." Sasa anameza kila siku. Jana aligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba mpaka jirani akakimbia. Nikajua amepona!

Sasa hii ameniapisha nisikuambie. Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja Kitale, na amekuchagulia jogoo mnene, ati usikose wa kukusikiliza. Ukituona, shangaa sana, tafadhali.

Ngoja. Nasikia nyayo uani. Ni zake, Manjit, peke yake, hakuna aliyemshika. Amefika mlangoni, naficha hii chini ya